Kisanduku cha Mama Ruth

Jumatatu, 2 Machi 2015
Wazungu wanaotuazima kanisa wameondoa piano, wameweka kisanduku. Chembamba, cha mbao, hata fremu ya chuma hakina. Mwenye nacho, bibi mmoja wao, Mama Ruth, anakiita fotepiano. Ati piano za kwanza zilikuwa hivi. Basi ndiyo maana ziliachwa! Na Pasaka kwaya za Columbus na Buffalo zinakuja hapa Louisville, mdogo wangu Irakoze ataimba peke yake. Sauti yake haifiki benchi la tatu. Nisipomfunika kwa kinanda, tutachekwa.

Alhamisi, 5 Machi
Mazoezi. Nikasimama, kama nilivyopiga tangu kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania. Nikatafuta pedali kwa mguu — hakuna. Ipo chini ya ubao, unaisukuma kwa goti. Goti! Kwa hiyo lazima ukae. Nikakaa kama mgonjwa anayesubiri sindano. Vitufe vyepesi, vinazama kidogo tu. Noti inalia, inakufa hapo hapo. Mama Ruth anasema vinyundo vyake vimevikwa ngozi, nisivitwange. Mimi, niliyeshindana na ngoma za kwaya nzima!

Jumapili, 8 Machi
Nimekata waya mmoja wa kisanduku. Kwenye pambio, nilipochangamka. Mama Ruth aliinama tu akautazama. Afadhali angefoka. Chombo gani hiki, kama yai.

Jumamosi, 14 Machi
Waya mpya. Leo nikaamua kugusa tu, makusudi, kisanduku kijiaibishe chenyewe. Irakoze akaanza. Nikasikia kila neno. Hata pumzi. Mwisho wa mstari sauti inapanda kidogo halafu inarudi, vile vile alivyoimba marehemu mama. Nimempigia tangu mtoto, sijawahi kuisikia ile. Kule mlangoni wanakwaya wakaacha kupiga soga.

Labda alikunywa tangawizi.

Tulipofika nyumbani, mtaa wa Newburg, Irakoze akasema, kwa adabu zake zote: Kaka, mimi siku zote naimba hivyo. Pasaka ukae, upige kama leo. Ukitaka kusimama, nitamwomba Mama Ruth anipigie.

Yaani nibadilishwe na bibi wa Kizungu mbele ya Columbus na Buffalo! Kwa ajili ya kisanduku!

Irakoze yuko jikoni, anaosha vyombo, anaimba wimbo ule ule. TV ilikuwa inapiga kelele, nimeizima. Si kwa ajili yake. Kichwa kinaniuma tu. Amefika mwisho wa mstari, sasa hivi —