Mashine Iliyomkataa Binti

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Namwomba Mola akupe afya kama aliyonipa mimi katika baridi hii ya Uingereza. Goti lako limepoa? Mikorosho imechanua? Nilipoona barua umeiandika kwa mkono wako mwenyewe, si kuandikiwa na mwalimu wako wa kisomo cha ngumbaru, nililia, mama.

Uliuliza kompyuta ni kitu gani. Ni mashine inayofuata amri tunazoiandikia. Ajabu yake, unaweza kuweka maneno ndani ya jina moja, kama kibuyu: leo unatia mtama, kesho mchele, kibuyu ni kile kile. Ukilitaja lile jina, maneno uliyoyaweka yanatokea.

Juzi darasani tulikuwa na jaribio la kompyuta, na mwalimu alikwisha kuniambia kwamba nikishindwa nitarudishwa nyumbani. Tulitakiwa kuandika amri za kuchapa mwaliko unaoweza kumfaa mtu yeyote. Nikaandika mwaliko wa mkutano wa kijiji cha ujamaa. Mahali pa mwalikwa nikaandika JINA, na ndani ya JINA nikakuweka wewe: Mwanaidi binti Salum.

Mashine ikakataa. Ikachapa: "binti: haijulikani."

Mwenzangu Lakshmi, msichana wa Kihindi ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa amekwisha kumaliza. Mwalimu akamruhusu anisaidie kwa neno moja tu.

"Nafasi," akasema.

Nikatazama tena. Kumbe mashine ikiona nafasi kati ya maneno hudhani jina limekwisha! Ilichukua Mwanaidi peke yake, ikadhani "binti" ni amri mpya. Nikalifungia jina lako lote ndani ya alama za usemi, kama tunavyofungia maneno ya msemaji kitabuni.

Mashine ikanguruma, karatasi ikapanda: "Ndugu Mwanaidi binti Salum, unaalikwa..." Subhanallah! Nikaweka jina la shangazi, mwaliko ule ule ukamwita shangazi, nami sikugusa neno jingine.

Mwalimu akasoma, akauliza, "Mwanaidi ni nani?"

"Mama yangu. Yuko kijijini kwetu, Likawage."

"Umefaulu," akasema, kisha akaikata taratibu kutoka mashineni karatasi yenye jina lako, akanipa. "Hii mpelekee mwenyewe."

Nimeikunja humu. Usimpe mtu akusomee.

Nisalimie shangazi, mjomba mkulima wa ufuta, na kaka yangu na mkewe. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Mimi mwanao akupendaye,
Zuhura