Lile la Bluu au Lile Jeupe

Kalemie, Jumatatu

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Emerance,

Amani ya Bwana iwe nawe na Shemeji Symphorien, pamoja na watoto wote huko Kigoma. Natumaini goti lako limepoa na kwamba umeacha kubeba ndoo, ingawa nakujua. Sisi huku tu wazima, ziwani ndagala wanapatikana, na Elsa wetu wa mwisho ameanza shule ya watoto wadogo. Mimi tu ndiye niliyevurugika. Kichwa changu siku hizi ni kama bugali uliosongwa na watu watatu, kila mmoja na mwiko wake.

Najua umenipigia simu mara nyingi bila kujibiwa, ukakasirika. Una haki. Ivumilie karatasi hii mpaka mwisho.

Picha za magari mawili alizotuma Shemeji tumezipata. Ametuambia tuchague moja kabla ya Ijumaa, meli itakapopakia: lile la bluu linalotumia petroli, au lile jeupe la umeme. Kwa mtu mwenye akili zake swali hilo ni jepesi. Gari ni la kupeleka watoto shule, kumfikisha wifi yako Godelieve sokoni na magunia yake, na Jumapili kwenda misa. Halitatoka nje ya mji. Lakini wiki mbili zimepita nami bado nazunguka palepale.

Nilianza kwa Papa Germain, jirani yetu, fundi umeme mstaafu, kwa kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Asubuhi aliniambia nichukue jeupe, kwa sababu akina kadafi, wale wauza petroli ya chupa kando ya barabara, hupandisha bei kila meli inapochelewa, na wengine huichanganya na kitu anachokijua Mungu peke yake. Mchana akarudi kunieleza kwamba mvua kubwa ikinyesha umeme hukatika hata siku mbili, basi afadhali la bluu. Jioni akaja na daftari, amechora paneli za jua juu ya bati langu, akasema jeupe tena. Mwishowe nilimuuliza yeye mwenyewe angechukua lipi. Akasema angenunua baiskeli.

Ndipo tukaenda kwa Papa Casimir, muuza saruji, ambaye ndiye mtu pekee ninayemjua hapa mwenye gari la umeme. Alitupakia sote, mimi mbele, Godelieve na watoto nyuma, tukashika njia ya kando ya ziwa. Hapo nilichanganyikiwa zaidi. Godelieve alifunika mdomo kwa mshangao. Watoto walitoa macho. Kila mmoja alisifu kwamba injini haisikiki kabisa, kwamba ni kama kukaa kitini nyumbani. Niliwatazama usoni mmoja mmoja. Nilingojea huo ukimya wanaousema, sikuuona. Kwangu gari lile lilikuwa sawa na pikapu letu kuukuu, ila halitetemeki chini ya miguu. Nilicheka kwa kuwa wote walikuwa wanacheka.

Tulipofika nyumbani Godelieve akageuka. Alisema, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba gari ya vile njo itaua watoto, maana wanacheza mu barabara na hawatasikia kama inakuja. Nami, unanijua sipendi kushindwa kwa maneno, nikamjibu kwamba dereva naye ana masikio. Mtoto asipolisikia gari, dereva atamsikia mtoto. Papa Germain akaniunga mkono. Godelieve akatulia, akawaambia watoto wasiogope, Papa atawasikia. Neno hilo lilinichoma, Yaya.

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa narudisha pikapu nyuma uani ili nipakie mahindi ya mashine yangu ya kusaga. Nikahisi bodi inatetemeka, nikadhani nimekanyaga jiwe. Mara Papa Germain yuko kwenye kioo, mdomo wazi, mikono juu. Nikakanyaga breki. Niliposhuka nilimkuta Elsa ameanguka nyuma ya gurudumu, bakuli lake la uji limemwagika, na kati ya tairi na mguu wake kiganja changu kisingepita. Majirani walikuwa wameshatoka nje. Wakaniambia mtoto alikuwa akiniita, Papa, Papa, tangu gari lilipoanza kusogea.

Hakuna aliyenilaumu. Papa Germain alisema kosa ni la injini ile, kelele zake hata malaika akipiga tarumbeta hasikiki. Godelieve, huku anamfuta mtoto machozi, akasema sasa amekubali kwa moyo wote: Shemeji alete lile jeupe, kwa sababu ndani ya gari lililo kimya ningemsikia mwanangu. Wote wakaitikia kwamba ni kweli. Tangu siku hiyo wananiuliza kila saa kama nimekujibu.

Yaya, hata injini ile ya pikapu siisikii. Sikuisikia injini, sikumsikia Elsa, sikumsikia Papa Germain akipiga bodi kwa ngumi. Ni mwaka wa pili sasa. Nimesimama kando ya mashine ya kusaga miaka kumi na tisa bila kuziba masikio, nayo imeyamaliza kidogo kidogo. Watu hawakugundua, maana kwenye mashine kila mtu hupiga kelele na kuonyesha kwa vidole, na nyumbani nimejifunza kusoma midomo. Simu yako naiona ikiwaka. Sauti yako ndani yake siipati. Leo asubuhi nilisimama kando ya mashine nikafumba macho, na ni nyayo zangu tu zilizoniambia kwamba inazunguka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yangu yalitaka kuumbuliwa na kifo cha mtoto. Naona haya, na naogopa sana.

Mwambie Shemeji apakie lile jeupe. Silichukui kwa ajili ya petroli wala kwa ajili ya ukimya wake. Papa Casimir alinionyesha kwamba halina gia za kubadilisha, na mtu hujifunza kuliendesha kwa siku chache. Tangu tuoane Godelieve ameniomba nimfundishe kuendesha, nami kila mara nilimjibu kwamba barabara za Kalemie si za wanawake. Nilimdhulumu. Aendeshe yeye. Funguo za pikapu nimeshamwachia Papa Germain, anadhani ni kwa ajili ya kutengeneza breki. Mimi bado sijui nitakuwa mtu gani nikikaa upande ule mwingine na kupelekwa.

Wape watoto salamu zangu, kila mmoja kwa jina lake, na umwambie Shemeji asante kwa usumbufu wote. Ukinijibu, niandikie. Mama yetu alikuwa akisema wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri kati yetu, na alisema kweli.

Godelieve sijamwambia. Jana mezani nilifungua mdomo mara tatu, nikaishia kuomba chumvi. Kesho yeye ndiye atakayekwenda bandarini, na barua zetu zote zinapita mikononi mwake. Bahasha nimeiacha wazi, na juu yake, kabla ya jina lako, nimeandika la kwake. Barua hii ikikufikia, ujue ameshaisoma.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Ruphin