Kolone ya majina ilitupwa mbele

Bunia, siku ya tano

Ile kitu inanichukiza mpaka sasa. Asubuhi shefu wetu wa hospitali alisimamisha Mama Neema wa labo mbele ya watu yote, akamuambia: "Weye haukuingiza matokeo ya mugonjwa hata mumoja juzi. Mashini inasema zero."

Mama Neema alijibu polepole: "Shefu, miye niliandika yote. Mutafute tena."

Hakutafuta. Ni miye, mutu wa ordinateri, nilienda kuangalia komande ya shefu, ile maneno aliandikia mashini ili itafute. Ilianza na kuchagua kolone mbili tu, safu ya saa na safu ya kazi, kwa jurnale yote ya mwaka, kwenye mashini inaandikaka kila kitu chenye watu wanafanya. Mashini ilihangaika karibu nusu saa, jeneretere inanguruma inje. Ni kwa mwisho tu aliomba jina la Neema. Lakini kolone ya majina alishaitupa pale mwanzo. Mashini itaona jina wapi?

Niligeuza tu: jina na siku mbele, kolone nyuma. Sekonde tatu. Matokeo yote ya Mama Neema yakatoka, na saa zake.

Shefu aliangalia, akasema: "Kumbe iko vile," akaenda kula. Hata samahani hakuomba. Mama Neema alipanguza macho na bluzi yake nyeupe, akarudi kwa kazi.

Nilimuchukia shefu vizuri kabisa. Kisha nikaona karatasi yenye alikuwa anafuata, imebandikwa kwa ukuta pembeni ya ordinateri. Komande ileile, kolone mbele, jina nyuma.

Ni mwandiko wangu.