Daftari Lako la Nynorsk

Mpendwa dada,

Daftari lako lilifika Granville, huku Australia, wiki iliyopita. Mazishi yako niliyaangalia kwenye simu, nimesimama jikoni na sare ya kazi, na sikuamini. Nilipouona mwandiko wako ndipo nikaamini. Kurasa tatu tu zimeandikwa, nyingine zote tupu.

Unakumbuka kule kambi ya wakimbizi? Uliachishwa shule ili mimi nisome, kwa hiyo kila fomu yako niliijaza mimi, wewe ukabonyeza kidole gumba. Hata ile iliyokupeleka Norwe, mimi nikabaki kambini kusubiri ya Australia.

Kisha siku moja ukanipigia, unacheka peke yako. "Mudogo yangu, hata miye sasa najua kuandika." Ukanieleza kwamba Kinorwe kina namna mbili rasmi za kuandikwa, na mji wenu mdogo hufundisha Nynorsk. Na mimi, msomi wako, nikapekua mtandaoni, nikaona wengi wao huandika ile nyingine, Bokmål. Nikakuambia unapoteza muda, hata huko umeokota ya wachache, iache uanze upya. Halafu ukaniuliza kama watoto wamekula.

Hukunitajia tena habari za kuandika, na mimi sikuuliza.

Tafsiri ya simu ilishindwa kuusoma mwandiko wako, basi daftari nikalipeleka Seven Hills, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Kuna bibi wa Kinorwe ninayemwogesha kila asubuhi. Alivaa miwani, akafurahi. Akasema Nynorsk ndiyo aliyofundishwa kwao utotoni, na hajaiona miaka mingi. Akanitafsiria kwa Kiingereza, polepole. Ukurasa wa kwanza: mvua inanyesha. Wa pili: unanunua samaki. Wa tatu: "Mdogo wangu aliniandikia kila kitu. Sasa najifunza, nimwandikie barua mwenyewe."

Tarehe uliyoweka hapo ni ya siku ile ile uliyonipigia.

Bibi aliniuliza kwa nini mwanafunzi mzuri hivi aliacha. Nilisema sijui. Nilimdanganya, dada, kisha nikaenda kulia kwenye chumba cha mashuka.

Naomba msamaha na hakuna wa kunipa. Nimekaa na daftari lako nikitaka kukujibu kwa maandishi uliyoyapenda, na sijui hata neno moja. Basi kwenye ukurasa wa nne nimebonyeza kidole gumba.

Pumzika, dada.

Mudogo yako