Mafuta ya Serikali

Nkubu, Ijumaa jioni, Novemba 1995

Mgongo unauma kwa kubeba mawe, lakini leo siachi kucheka.

Tangu mwezi wa nane vijana wa bangi wanatupora sisi vibarua wa mjengo kwenye njia ya mtoni kila siku ya mshahara. Tukiripoti, polisi wanasema tulete petroli ya gari. Nimekuwa nikiogopa: Krismasi nitamwambia nini mke wangu Wanja, nikifika nyumbani Kiritiri mikono mitupu?

Leo Landrova ya polisi imeingia hapa mjengoni, ikazimika. Sisi wote tukakimbilia kwenye shamba la kahawa kujificha, maana tumezoea kukamatwa sisi tusio na vitambulisho.

"Rudini, wazee!" sajini akaita. "Leo hatuwataki nyinyi. Serikali imetupa mafuta ya kuwasaka wale vijana. Shida ni betri. Njooni msukume!"

"Afande, jana mlitaka petroli, leo mnataka miguu yetu!" mwenzangu Njeru akasema. Hata sajini alicheka.

Tukasukuma mpaka ikanguruma. Jioni ikarudi na vijana wale nyuma, pamoja na mapanga yao.

Mafuta hayo yakiisha, sijui itakuwaje. Lakini kesho ni mshahara, na nitapita njia ya mtoni kama bwana harusi.