Siku Kamati ya Bunge Ilipokunywa Mursik Kwetu

Jumamosi jioni, Kapseret. Mvua ilianza saa nane na mpaka sasa haijachoka. Vidole vyangu vina baridi, kwa hiyo nisamehewe mwandiko. Leo nimekasirika, nimecheka na nimeona haya, na chai ya jioni bado haijaiva.

Wabunge walikuja kwetu.

Acha nieleze kwa utaratibu, maana nikija kusoma haya uzeeni nitadhani niliota. Baba yangu alikamua ng'ombe wa mzungu kwenye shamba hili tangu ujana wake. Uhuru ulipokuja mzungu akauza, akaenda zake. Baba akaungana na majirani, wengine wa hapa hapa na wengine waliotoka Nyeri na Murang'a, wakaunda kampuni, wakalinunua shamba pamoja. Walipogawana, kipande cha Baba kilikuja na nyumba kubwa ya mawe aliyokaa yule mzungu, juu ya maporomoko ya mto. Hakuna mwingine aliyeitaka kwa sababu paa lilivuja. Baba alipanda juu mwenyewe akaliziba, na tangu siku hiyo anaitazama nyumba ile kama bwana harusi amtazamavyo bibi harusi.

Kisha shirika la serikali la utalii likaleta barua. Ilisema mahali petu ni pazuri mno kuwa pa mtu mmoja, na kwamba kuna mswada Bungeni utakaoliwezesha shirika kuchukua, kuzungushia ua na kufunga mahali popote panapofaa watalii. Mimi ndiye niliyemsomea, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa nyumba hii. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale penye neno "kufunga".

Bahati yetu ni kwamba kabla ya kupitisha mswada, Bunge liliteua kamati izunguke na kuwauliza watu mambo mawili. Je, shirika hili lipewe nguvu kiasi gani? Na fedha za umma ambazo tayari linazo, linazifanyia nini? Kamati ikasema itafika kwetu ione mahali penyewe.

Nami nikajitia mwanasheria. Nilimwandikia Baba maelezo ya kurasa nne, na kila wikendi nilitoka Eldoret kuja kumfanyisha mazoezi kama mtoto wa darasa la sita. Niliwaagiza pia yeye na Mama wasiguse kitu. Mahindi yabaki yameanikwa sebuleni, kuku wabaki barazani, ili waheshimiwa waone kwamba hapa wanaishi watu na watoto wa watu.

Asubuhi ya leo nimefika nikakuta mawe ya njiani yamepakwa chokaa. Baraza limesuguliwa mpaka linang'aa. Mahindi hayapo. Kondoo amechinjwa, na jirani yetu Mama Njeri anawafundisha akina mama wimbo wa kukaribisha wageni.

"Baba, hii ni nini?"

"Mwalimu, si hawa ni wageni? Unataka wakalie mavi ya kuku?"

"Wanakuja kuamua kama tutabaki na hii nyumba!"

"Basi waamue kama wameshiba."

Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna anayenisikia: moyoni nilimwita mkaidi, na mengine mabaya zaidi. Kisha nikapanga viti.

Walifika saa nne, wabunge watano na mwenyekiti wao, mzee mnene mwenye miwani. Walikuja pamoja na karani wao na afisa wa shirika, bwana mmoja wa tai nyekundu. Wimbo ukaimbwa. Mama akaleta kibuyu cha mursik, akawamiminia maziwa yale yaliyochachia kibuyuni na mkaa wake vizuri, na kwetu mgeni haulizwi habari yoyote kabla hajamaliza kunywa. Mwenyekiti alijaziwa kikombe mara tatu. Yule wa tai nyekundu alifuta midomo, akasimama akatabasamu.

"Waheshimiwa, mnaona wenyewe. Maji yale pale, nyumba hii hapa, na watu ni wakarimu kwa asili yao. Hii tayari ni hoteli. Inangoja sheria tu."

Nilitamani sakafu inimeze. Baba alikuwa ameng'arisha sakafu hiyo kwa mikono yake ili kesi yetu iteleze vizuri.

Mwenyekiti akauliza shirika limeshatumia kiasi gani cha fedha za umma mahali hapa.

"Bado hata senti moja, Mheshimiwa. Hatuwezi kutangulia Bunge."

Mama alikuwa mlangoni na kibuyu chake. Mama yangu hawezi kuona mgeni akihangaika asimsaidie.

"Na vile vitanda?" akasema.

"Vitanda gani, Mama?" mwenyekiti akauliza.

"Si vile walileta na lori wakati wa kuvuna. Nimeweka vizuri kwa stoo, msikuwe na wasiwasi. Hata panya hajagusa. Na ile bango nimefunika na gunia isinyeshewe."

Mimi mwenyewe sikuwa na habari. Kumbe dereva wa shirika alifika siku ya mvua kubwa, akasema ana mizigo ya serikali na hana pa kuiweka. Mtu akisimama mlangoni kwako na mzigo unalowa, Mama hamuulizi ni wa nini. Anafungua. Kwa hiyo miezi yote hii wazazi wangu wamekuwa wakitunza vitanda vilivyonunuliwa ili wao watolewe nyumbani kwao. Na Baba amekuwa akivipaka mafuta springi zisiote kutu!

Hawa watu nitawafanyia nini mimi? Nawapenda mpaka inaniuma.

Kamati nzima ilienda stoo. Vitanda vilikuwa vimepangwa mpaka darini, na magodoro yamefungwa kwa karatasi. Mwenyekiti alitoa gunia kwenye bango, akasoma kwa sauti: "Hoteli ya Maporomoko. Mali ya Shirika. Usiingie Bila Ruhusa." Akamgeukia afisa.

"Umenunua vitanda vya nyumba ya mtu, kwa sheria ambayo bado sisi hatujaipitisha?"

Afisa akasema ni matayarisho tu. Mwenyekiti akamwambia karani aandike kila kitanda, na neno "matayarisho" aliandike vilevile.

Waliporudi barazani ikawa zamu ya Baba. Kurasa zangu nne hazikutoka mfukoni.

"Mzee," mwenyekiti akasema, "watalii wakija kutazama haya maji, utawafukuza?"

Nilimkodolea macho Baba aseme ndiyo. Hakunitazama.

"Nimfukuze kwa nini, Mheshimiwa? Mtu ametoka mbali kuona maji, nitampatia chai. Lakini mgeni anakuja na kofia yake na viatu yake. Hakuji na kufuli."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta. Kisha akasema atapendekeza kile kifungu cha kuchukua na kufunga kiondolewe, na shirika litaitwa kueleza habari za vitanda. Alituonya kwamba kura ni ya Bunge lote na hawezi kuahidi. Waliondoka wameshiba, na Mama akawafungia kibuyu kingine cha njiani. Hata wa tai nyekundu alipata nyama yake.

Mvua ilipoanza nilimsaidia Baba kuingiza viti ndani. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Mwalimu, hawa wametumwa na nani?"

"Na wewe, Baba. Si ulipiga kura? Bunge ni yako. Hata hiyo shirika inakula kodi yako."

Alicheka sana, akaweka kiti chini ili acheke vizuri. "Ati ni mimi mkubwa wao?"

"Kwa sheria, ndiyo."

Akatazama kile kiti.

"Basi mbona wao walikaa, mimi nikasimama?"

Na ni kweli. Saa mbili nzima alisimama kando ya nguzo, kofia mkononi, pale pale aliposimama miaka yote ile akingoja mzungu amtume. Barazani kwake mwenyewe. Hakuna mbunge aliyemkataza kukaa. Viti nilivipanga mimi, mwalimu, binti yake mwenye kurasa nne. Niliwahesabu wabunge, nikamhesabu mwenyekiti, karani na hata adui yetu wa tai nyekundu, na Baba sikumhesabu.

Sijui Bunge litaamua nini. Ila watakaporudi na jibu, liwe zuri au baya, watamkuta Baba amekaa.