Mama Aliyenioa Hayumo Kwenye Kadi ya Bima

Shangazi Elieth, shikamoo. Nakusoma kila wiki na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuandikia mimi, maana nyumbani kwangu hakuna ugomvi wala njaa, mahindi yapo, watoto wanne wanasoma, na ninayeishi naye ananipenda, ila jino moja tu limeninyima raha.

Mimi niliolewa na mwanamke. Wasomaji wako wa mbali wasishtuke, huku kwetu Wakurya tunaita nyumba ntobhu: mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa mji wake. Aliyenioa ni Mama Robi, ana miaka sabini na kitu, alinitolea ng'ombe kumi na mbili, hajawahi kuninyanyulia mkono, na watoto wangu wanagombania kulala kwake.

Sasa mwaka jana mkutano wa kijiji ulitutaja kwenye kaya zisizo na uwezo, zile za kulipiwa bima ya afya na serikali, akaja kijana wa kuandikisha, mgeni wa huku, na siku hiyo Mama Robi alikuwa amekwenda msibani Sirari, kijana akaniuliza, "Mume wako yuko wapi?" nikaona nikianza kueleza atanicheka, au atatufuta kabisa, nikasema mimi ni mjane, akauliza mnaishi wangapi hapa, nikasema mimi na watoto wanne, akatupiga picha akaondoka. Nilijua kadi inachukua watu sita. Nafasi moja ilibaki wazi na mimi nikanyamaza.

Kadi zilipofika Mama Robi alifurahi kuliko sisi sote, hajui kusoma, akazifunga kwenye kitambaa akaziweka sandukuni kwake, na kila mgeni akija anaonyeshwa. Leo ni wiki ya pili gego linamuuma, shavu limevimba hadi jicho linakaribia kuziba, ugali hatafuni, ni uji tu, na kila asubuhi ananiambia, "Tabitha, kadi tunayo, twende wanitoe hili jino." Mimi namjibu kwamba daktari wa meno yuko likizo. Shangazi, hakuna likizo yoyote, ni mimi naogopa tukifika mapokezi wasome majina, la kwake likosekane, ajue kwamba nilimkana. Jirani yangu Eunice anasema nichukue kadi ya mama mkwe wake, eti wazee wote wanafanana. Naomba unisaidie, nifanye nini?

Tabitha, Matongo


Marahaba, Tabitha. Pole, na pole zaidi kwa Mama Robi, maana wewe unaumwa na aibu, yeye anaumwa na jino. Barua yako ilinifurahisha, halafu ikanikasirisha. Wengi wananiandikia wakililia nyumba yenye amani kama yako. Wewe unayo, na bado mama wa watu unamnywesha uji wiki mbili ili usionekane mwongo!

Uvimbe unaokaribia jicho hausubiri kadi. Mpeleke kesho asubuhi. Mzee wa umri wake asiye na uwezo ana utaratibu wa msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo muulize afisa ustawi wa jamii, na ubebe barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza umri na hali yake. Barua ikichelewa, nendeni hivyo hivyo. Anzieni zahanati. Hata kama pale hawang'oi meno, watawaandikia rufaa ya kwenda wanakong'oa. Ukirukia hospitali kubwa bila hiyo karatasi, hata mwenye kadi anaweza kuambiwa alipe.

Ukitoka huko, nenda kwa mtendaji umwongeze Mama Robi kwenye ile nafasi ya sita, na kitambulisho chake mkononi. Hapo hawatafuti nani alimuoa nani, wanataka kujua nani anaishi kwenye hiyo kaya. Na hilo neno mjane walifute, aliyekutolea ng'ombe yuko hai. Uliza pia kadi yenu inalipia nini kwenye meno. Kung'oa kwa kawaida ni huduma ya msingi, ila kuziba jino au kuweka ya bandia usikisie, uliza kabla mgonjwa hajakaa kwenye kiti. Watoto wako wanne wamo tayari. Wapeleke wakaangaliwe meno, wasingoje kuvimba mashavu.

Eunice mwambie asante, abaki na kadi yake. Ina picha. Tena mama mkwe wake akija kuugua, faili litasema aling'olewa gego ambalo bado analo mdomoni.

Limebaki lile unalolikwepa. Mama Robi lazima ajue, na asikie kwako, si kwa karani wa mapokezi mbele ya foleni nzima. Usimsingizie yule kijana, aliuliza swali la kawaida tu. Kaa naye chini umwambie, "Mama, niliona aibu nikakuacha nje. Nisamehe." Atanuna. Anaweza kununa siku tatu, na ana haki hiyo, umpikie uji huku amekunyamazia. Lakini kwa jinsi ulivyomwelezea, sioni mtu wa kukufukuza. Namwona mtu atakayeuliza picha yake inapigwa lini.

Wala usiniambie utasubiri kwanza apone. Umeandika jina lako na la kijiji chako, nami nimeyaacha yachapwe yote mawili makusudi, na huko Matongo watu wanajua kusoma. Mwambie leo.